Uadilifu wa Shaha

Katika kila mkusanyiko wa watu wapendao jambo moja, liwe ni bao, ngoma au utunzi wa mashairi, hutokea mapema mtu wa kuamua. Aghalabu hakuchaguliwa kwa kura, wala halipwi mshahara. Huwa ni yule aliyekuwa na nafasi, au aliyelipenda jambo kuliko wenziwe, au ambaye baraza ilikuwa nyumbani kwake. Katika ushairi wazee wetu walimwita shaha, na katika ngoma manju. Siku hizi malenga wengi hukutana katika simu, na cheo hicho kimepata jina jipya la msimamizi wa kundi, lakini kazi ni ileile. Yeye ndiye asemaye utungo huu upite na ule usipite, mtu huyu abaki na yule atoke. Swali tunalotaka kulitazama hapa ni hili: mtu wa namna hiyo, ambaye si hakimu wa serikali na ambaye hakuna aliyelazimishwa kukaa chini yake, anadaiwa haki kiasi gani?

Wako wasemao kuwa hadaiwi chochote. Kundi, husema, ni la hiari. Aliyeingia kwa mapenzi yake na atoke kwa mapenzi yake, na asiyeridhika na aanzishe lake. Hoja hii ina sura ya ukweli, na sisi wenyewe tuliishika kwa muda mrefu. Lakini tukiipima twaona ina upungufu. Mfanyakazi akiachishwa kazi kwa uonevu anayo sheria, anacho chama chake, na hapa Tanzania iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kusikiliza shauri lake. Mtunzi aliyetolewa katika kundi la watunzi hana pa kushtaki, wala hakupoteza kitu kinachohesabika. Hakuja kutafuta ujira. Alikuja kutafuta masikio. Ukimnyima masikio umemnyima kitu kile kimoja alichokijia, na hiari yake haimsaidii lolote, kwani malenga hawezi kuanzisha wasikilizaji kama mtu aanzishavyo duka.

Tulianza kulionja jambo hili tungali wanafunzi wa sekondari, katika miaka ya 1980. Wakati ule ukurasa wa mashairi wa gazeti ulikuwa kama baraza la taifa. Desturi yenyewe ilikuwa ya zamani: Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, lilipokea tungo za wasomaji kutoka sehemu nyingi za Tanganyika, na magazeti yaliyofuata yakaiendeleza desturi hiyo, hata watu ambao hawajapata kuonana maishani wakawa wanaamkuana na kulumbana kwa beti. Basi nasi tulituma shairi la beti saba katika gazeti moja, kwa stempu tuliyoinunua kwa fedha ya sabuni, tukangoja. Halikutoka. Tukatuma jingine, halikutoka, wala hatukujibiwa. Baada ya miezi kadhaa tukasoma katika ukurasa uleule shairi la malenga mwenye jina lake, na katika ubeti wa tatu kina cha kati kilikuwa kimepotoka, kosa ambalo sisi tulifundishwa kuwa likionekana tu shairi ni guni. Hatusemi kuwa shairi letu lilikuwa zuri; tukilikumbuka leo twashukuru kuwa halikuchapishwa. Kukataliwa hakukutuuma sana. Kilichotuuma ni kutojua tumekataliwa kwa nini, ilhali kosa lililo wazi la mtu mwingine limepita mlango mkubwa.

Mtu aweza kudhani kwamba ushairi, kwa kuwa una kanuni zinazohesabika, hauna nafasi ya ugomvi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kutuwekea sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Shairi la kawaida twalijua, mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Nani atagombana juu ya hesabu? Lakini hesabu yenyewe hutegemea ulimi. Neno sultani, mathalani, mmoja hulitamka kwa mizani tatu, sul-ta-ni. Mwingine, ambaye lugha ya mama yake haikubali konsonanti mbili kukaa pamoja hivyo, hulivuta likawa nne, na katika kuimba hiyo ya nne husikika waziwazi. Neno daftari ni vivyo hivyo. Anayehesabu kwa macho na anayehesabu kwa sauti hawapati jumla moja, na kila mmoja ana haki ya kusema kuwa hajakosea. Hapo ndipo shaha anapohitajiwa, na hapo ndipo anapojaribiwa.

Tena kuna ugomvi ambao hauhusu jinsi ya kuhesabu, bali kama kuna haja ya kuhesabu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye tungo zisizofungwa na vina wala mizani, wanamapokeo walisema hayo si mashairi, na wanamabadiliko wakajibu kuwa vina peke yake haviwi ushairi. Maneno yalikuwa makali, na mengine hayakuwa ya adabu. Lakini yalisemwa mbele za watu, vitabuni na magazetini, na kila upande ulilazimika kumsoma mwenziwe ili umpinge. Leo shule zetu hufundisha ushairi wa mapokeo na ushairi wa kisasa pamoja, na mwanafunzi haulizwi ni wa chama gani.

Huo si ustaarabu wa jana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Pate zilipokuwa zikigombana na Lamu hata wakafikia kupigana, washairi wa pande hizo walipelekeana tungo za kejeli na vitisho. Muyaka bin Haji yuko Mombasa, Bwana Zahidi Mgumi yuko Lamu. Tungo za pande zote mbili zimehifadhiwa hata sasa. Yafaa tulifikiri jambo hili. Watu walikuwa wakinoa silaha, na bado shairi la adui lilisikilizwa, likashikwa kwa moyo, neno lake likachukuliwa na kurudishwa likiwa limegeuzwa makali. Desturi ya majibizano humtaka ajibuye amsikilize kwanza amjibuye. Hatujui njia nyingine ya kulumbana inayomheshimu mpinzani kiasi hicho.

Wengine watatuambia: basi mwondoeni shaha, watu wenyewe waamue. Ndugu zetu Wasukuma wanayo njia hiyo. Katika mashindano ya Wagika na Wagalu, kama yanayoonekana katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, ngoma mbili huchezwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Manju aliyeshindwa haandikiwi barua. Huona kwa macho yake migongo ya watu ikimwacha. Twaipenda njia hii kwa uwazi wake, na kwa kuwa aliyeshindwa hafukuzwi, mwaka ujao atarudi. Lakini hata huko watu hushutumiana kuwa fulani ametumia dawa ya mvuto, na umati nao una udhaifu wake: chatu mabegani mwa mchezaji huvuta macho kuliko wimbo wenye maana. Utungo wa kimya, unaotaka kusomwa mara tatu, hauwezi kushinda uwanjani. Kwa hiyo hatuoni kuwa shaha aweza kuondolewa. Tena tusimwonee na yeye. Mtu huyu hufanya kazi usiku baada ya kazi yake ya mchana, hutukanwa, huondoa matangazo ya biashara yaliyopenyezwa kati ya beti, na tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huwa na hofu ya kuitwa aeleze maneno ambayo hakuyaandika.

Twayasema haya kwa kuwa tulikuwa sisi. Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhiwa usimamizi wa kundi la watunzi wapatao 200. Tulikuwa wakali wa kanuni, na tuliuona ukali huo kuwa ndio uadilifu. Mzee mmoja, mkulima, aliyekuwa akitumia simu ya mjukuu wake, alituma shairi lenye neno sultani katika mshororo wa pili. Kwa ulimi wake mizani zilitimia 16. Kwa hesabu yetu zilikuwa 15. Tulilikataa. Mzee hakusema kitu. Juma la pili mkubwa wa ofisi moja, ambaye saini yake tulikuwa tukiihitaji katika shughuli zetu za kazi, naye alituma utungo, na ndani yake neno daftari limesimama kwa mizani nne. Tuliupitisha, na tukaongeza kwa mkono wetu kwamba lafudhi ya mtunzi yaruhusu. Ndipo mzee akauliza mbele ya wote, kwa heshima yote: "Shaha, ya bwana yule umeihesabu kwa ulimi gani?"

Tulimtoa kundini usiku uleule. Sababu tuliyoitoa ilikuwa utovu wa nidhamu.

Kupitia kwa mwanakundi mwingine mzee alituletea jibu la beti tano. Tulilisoma. Vina vilikuwa safi, hapakuwa na neno lenye utata wa hesabu hata moja, wala hapakuwa na tusi. Hatukulitoa. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huivuta kwake. Na sisi tuliivuta hata tukadhani kuwa ngoma nzima ni yetu. Kanuni haikuwa mbaya, wala ukali haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba tuliwapimia watu wawili kwa vipimo viwili, kisha tukamnyamazisha yule pekee aliyekuwa amekiona kipimo cha pili. La kwanza laweza kumpata mtu yeyote mwenye woga wa kazi yake. La pili lilitaka kusudi.

Jambo lilitufichukia tulipokuwa tukichagua tungo za mwaka kwa ajili ya diwani ya kundi. Kila tulipozipanga, zile beti tano zilizokuwa zimefichwa katika simu yetu zilizishinda nyingine, na hapakuwa na njia ya kuziweka kitabuni bila kuweka na habari ya kilichozileta. Tukafunga safari hadi kwake. Alitupokea vizuri, tukala, na tulipotaja haja yetu alisema: "Itoeni, wanangu, lakini na ile ya kwanza itoke kama nilivyoiandika." Tulikubali.

Kundi sasa lina utaratibu mwingine. Anayekataliwa huandikiwa sababu mbele ya wote, utungo wa msimamizi hupimwa na watu wengine wawili, na anayetolewa huruhusiwa kwanza kujibu kwa utungo mmoja usioguswa na mtu. Kuhusu sultani na daftari hatukuafikiana mpaka leo. Tulichokubaliana ni kwamba mtunzi akichagua hesabu moja aishike hadi mwisho wa shairi, awe mkulima au mkubwa wa ofisi. Usimamizi tulimwachia kijana mmoja mwalimu, na tumewahi kukataliwa naye mara mbili. Mara ya pili alikuwa na haki.

Mzee alirudi kundini mwezi uliofuata safari yetu. Husoma, na pengine humsahihishia kijana mizani kwa faragha. Utungo wake mwenyewe hajautuma tena, nasi hatujathubutu kumwomba.