Sauti ya Yakobo

Katika Mwanzo 27 twasoma ya kuwa Isaka, mzee asiyeona, alistaajabu mawindo kufika upesi. Sauti aliitambua kuwa ya Yakobo. Lakini alipoipapasa mikono iliyovikwa ngozi za mbuzi, alilinyamazisha shaka lake, akabariki.

Nasi wa Nyamwage twaletewa ujumbe simuni: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Mwenye mwana shuleni huharakisha kutuma.

Basi moyo ukishuku, tuusikilize. Tumpigie ndugu yetu kwa namba tuliyoizoea. Namba ya siri tusimpe mtu awaye yote. Namba ya mwivi tuipeleke 15040, kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Isaka alipojua, alitetemeka mno. Aliyedanganywa tusimcheke, asije akanyamaza, na jirani yake akaibiwa vivyo hivyo.