Njia ya Tao na Njia ya Kristo

Biblia ya Kichina ya Waprotestanti ilipochapishwa mwaka 1919, wafasiri wake, walipofika mwanzo wa Injili ya Yohane, walichagua neno Tao kwa kumtaja Neno wa Mungu. Tao maana yake ni Njia. Na Bwana wetu naye alijiita Njia. Je, ni njia moja?

Wafuasi wa mzee Lao Tzu hufundisha kwamba mtu mwema awe kama maji: hayagombi, hushuka mahali pa chini, nayo huvineemesha vyote vilivyo hai. Fundisho hilo twaliona zuri, wala Mkristo asilidharau. Katika vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe wa Unguja, asiyejua kumpisha mwenziwe hafiki mbali.

Lakini twakumbuka kwamba mji huo huo ulikuwa na soko la watumwa, hata lilipofungwa mwaka 1873. Mbele ya mtoto aliyetiwa mnyororo, je, yatosha kupisha? Lao Tzu alichukia tamaa na vita. Bali Tao yake haimwiti mtu kwa jina, wala haimtafuti aliyepotea. Kristo alijishusha kama maji, kisha akatoka kututafuta. Ndiyo maana Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakomboa watumwa Unguja, na mwaka 1868 wakawafungulia makao Bagamoyo.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu mambo mawili: kushuka chini ugomvi unapowahusu wao wenyewe, na kusimama imara anapoonewa mnyonge.