Ajali, Kadari na Amana

Kila litokeapo janga twasikia kauli moja mabarazani, "Siku yao ilikuwa imefika." Kauli hii ni ya kweli, wala hapana Muislamu awezaye kuikanusha. Lakini mara nyingi twaitumia kufungia mlango swali la pili: ni nani aliyepewa amana, naye akaipuuza?

Na tutazame mfano. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ya abiria ya Kiingereza, aina ya Comet, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, wakafa watu 35. Ndege hizo zikazuiliwa, kisha mwezi wa Machi zikaruhusiwa kuruka hali sababu haijajulikana. Tarehe 8 Aprili ya pili ikavunjika karibu na Naples, wakafa 21. Ndipo wataalamu walipotia kiwiliwili cha Comet katika tangi la maji, wakakijaza shindo na kukilegeza mara nyingi, hata wakaona ya kuwa bati lake huchoka, likapasuka.

Kutokana na Comet ikaundwa Nimrod, ndege ya doria ya baharini. Tarehe 2 Septemba 2006 moja yao, ikiwa juu ya Afghanistan, ilitiwa mafuta angani, kisha ikashika moto, wakafa wote 14. Ripoti ya mwaka 2009 ilieleza kuwa yamkini mafuta yalifikia bomba la hewa ya moto lililopita karibu na matangi. Ikataja na jambo zito zaidi: ukaguzi wa usalama uliofanywa kabla ulijengwa juu ya dhana kuwa ndege ni salama, kwa kuwa imeruka miaka 30.

Je, watu hawa 70 hawakufa kwa muda waliowekewa? Walikufa kwa muda wao. Lakini Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, yamuwajibisha aliyeua kwa kukosea atoe kafara na dia, hali aliyekufa amekufa kwa muda wake. Lau kadari ingaliondoa jukumu, dia ingalikuwa dhuluma. Na Mtume (s.a.w.) amemfanya mdhamini mtu atibuye hali hajulikani kwa utabibu.

Hata hivyo yatupasa tutenge. Aliyejitahidi kwa ujuzi wake wote, kisha likamshinda asilolijua, hatumhesabu mwenye dhambi. Lakini aliyeruhusu safari kabla ya kujua sababu, na aliyeshuhudia usalama asioupima, hao wana la kujibu mbele ya watu na mbele ya Mola wao.

Nasi huku, mwenye chombo asemaye, "Mwaka jana kilikwenda salama," asiangalie kalafati wala mbao, ameshika dhana ile ile. Tuwaombee waliokufa, tuwafariji wafiwa kwa kadari, kisha tumuulize mwenye amana.