Barua pepe nazo ni amana, tuzihifadhi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika Surat al-Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Allah (s.w.) anatuamrisha tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandikiane, wala tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Swali langu ni hili: maandishi hayo siku hizi yako wapi? Kwa wengi wetu hapa Mbagala, Tandika au Tegeta, yamo katika barua pepe. Humo mna makubaliano ya kiwanja, malipo ya Hijja, ahadi ya ndugu aliyeko Muscat na mahesabu ya madrasa.

Tumeyaacha humo tukidhani yako salama. Tangu Desemba 2023 Google ina utaratibu wa kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Yahoo hufuta sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, na ikapita siku kadhaa kabla ya kurejea. Mwenye deni linalodaiwa siku hizo angeonyesha nini?

Katika msikiti mmoja wa huku kwetu Temeke, katibu wa ujenzi alifariki ghafla. Orodha ya wachangiaji na deni la mwenye duka la vifaa vilikuwa katika barua pepe yake, na neno la siri alikuwa nalo yeye tu. Mwenye duka anadai, kamati haina karatasi, na watoto wa marehemu wanatazamana. Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba roho ya muumini hufungwa na deni lake mpaka alipiwe. Basi wataliliaje deni wasiloweza kulijua kiasi chake?

Wapo watakaosema: tumtegemee Allah. Ni kweli, lakini tawakkul haifuti sababu. Bedui aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Tazameni pia Qur'an yenyewe. Allah ameahidi kuihifadhi, na maswahaba waliibeba vifuani. Hata hivyo, walipouawa mahafidh wengi katika vita vya Yamama, Umar (r.a.) alimshauri Abu Bakr (r.a.), na Zayd bin Thabit akapewa kazi ya kuikusanya. Kurasa zile zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa. Uthman (r.a.) akanakili misahafu na kuipeleka katika miji mbalimbali. Hawakuridhika na nakala moja mahali pamoja.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwenye Gmail aingie katika huduma iitwayo Google Takeout, aombe barua zake, kisha ashushe faili atakaloletewa. Programu ya Thunderbird, ambayo ni ya bure, huweza pia kuzishusha katika kompyuta na kuzisoma bila mtandao. Faili liwekwe katika flashi mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu mwaminifu mtaa mwingine, kwani mafuriko ya Desemba 2011 yalituonyesha jinsi maji yanavyochukua nyumba na vilivyomo. Kila miezi michache nakala irudiwe na ifunguliwe kuona kama inasomeka. Makubaliano ya deni na ardhi yachapishwe karatasini.

Lakini tahadhari. Barua hizo zina siri za watu, na Surat al-Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana. Usishushie barua zako katika kompyuta ya intaneti kafe ukaziacha humo. Flashi ifungwe kwa neno la siri, na yasiyofaa kuonekana na warithi yafutwe mapema.

Mwisho, Mtume (s.a.w.) amehimiza Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Katika wasia huo taja flashi iko wapi na nani ana neno la siri. Haki za watu hazizikwi na mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.