Wajibu wa Kupima Figo Kabla ya Kuumwa



Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana haitunzwi kwa kungojea iharibike. Katika miji yetu ya pwani wako wengi wenye kisukari au presha ambao, wakiambiwa wakapime figo, hujibu: "Siumwi na kitu, nimetawakali." Jawabu hilo latuhuzunisha.

Figo mbili za mwanadamu huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kila siku, na mkojo utokao hauzidi sana lita moja au mbili. Zinapoanza kudhoofika hazitoi maumivu. Mtu hula, hulala, huenda dukani na msikitini, na huku zinakwisha. Akija kuvimba miguu na kukosa pumzi, mara nyingi halibaki ila kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, au kutiwa figo ya mtu mwingine.

Basi kila mwenye kisukari au presha na apimwe japo mara moja kwa mwaka, wala asitosheke na kipimo kimoja. Mkojo hutazamwa kama una albumini. Damu hutazamwa kreatinini, ikapatikana hesabu ya nguvu za figo. Kwa kijana mwenye afya hesabu hiyo huwa karibu na 100. Ikiwa chini ya 60, au albumini ikionekana, na hali hiyo ikadumu miezi 3, hayo ni maradhi ya figo.

Yakijulikana mapema huweza kucheleweshwa miaka mingi. Dawa za presha na sukari zisikatizwe; chumvi isizidi gramu 5 kwa siku; tumbaku iachwe. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisimezwe bila ya daktari, wala mizizi ya waganga isiyojulikana. Na Ramadhani ikikaribia, mgonjwa amuulize daktari kabla ya kufunga, kwani Sheria imempa ruhusa, na kuikataa ruhusa hata ukajidhuru si uchaji Mungu.

Nahodha hatweki tanga katika jahazi linalovuja kisha akasema ametawakali. Kwanza hulitia kalafati. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Basi ewe ndugu, nenda zahanati wiki hii, na umchukue mzazi wako.

Wabillahi tawfiq.