Mpini wa Jana

Msomaji, mpini wa jembe ukivunjika hapa Bomet, mtu hukata mti mwingine, akachonga ncha yake, akaendelea na palizi. Jembe la mwaka huu halikatai mpini wa mwaka jana. Vikipishana kidogo, panga huvipatanisha.

Mpwa wangu hakuwa na bahati hiyo. Aliletewa kimashine cha michezo cha mkononi kilichokwisha tumiwa, nacho hakikuwa na chaja. Mwenzake alikuwa na chaja ya kimashine cha jina lile lile, ila cha mwaka mwingine. Haikuingia, na chaja haichongwi kwa panga. Akaniuliza, "Mjomba, mbona watoto wa mama mmoja hawali sahani moja?"

Swali lake lina jingine ndani yake: je, mwenye kuunda kitu ana deni kwa aliyekinunua jana?

Tutwae mfano ulio wazi. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, kilichotumia betri nne. Mwaka 1996 ikatoa Game Boy Pocket, chembamba zaidi, chenye betri mbili ndogo. Kaseti za michezo za zamani ziliingia vizuri. Lakini tundu la waya wa kuunganisha vimashine viwili lilipunguzwa, na waya wa zamani haukuingia bila kiungo cha kati. Nintendo DS ya mwaka 2004 ilikubali chaja ya Game Boy Advance SP, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake. DS Lite ya mwaka 2006 iliikataa.

Tusihukumu upesi. Asiyebadili kitu hajifunzi, na wepesi wa mzigo ni faida kwa mchukuzi. Tena kaseti zilizohifadhiwa zaonyesha kwamba jana yaweza kuheshimiwa pasipo kuizuia kesho. Lakini kila badiliko lina gharama, na haki hutaka tuulize ni nani ailipaye. Mwenye fedha hununua waya mwingine akasahau. Mtoto wa mchuma chai huweka kimashine kizima rafuni, kwa kukosa kipande kidogo tu.

Umoja wa Ulaya ulilijibu swali hili kwa sheria ya mwaka 2022. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu na vimashine vya michezo vya mkononi vinavyoingizwa sokoni huko, kama huchajiwa kwa waya, sharti viwe na tundu la aina moja, USB-C. Wako waliosema kuwa sheria hiyo itafunga mikono ya wavumbuzi. Hofu yao si ya kupuuzwa. Lakini mvumbuzi bado ana uwanja mpana, na kilichofungwa ni tundu moja tu.

Basi nasema deni lipo. Anunuaye kitu hununua pamoja nacho tumaini kwamba kitamfaa kesho, na aliyepokea fedha yake amelipokea na tumaini hilo. Nawe, msomaji, huenda siku moja ukaunda mashine, au ukatunga kanuni za shule au za chama. Badili panapofaa, lakini kabla ya kubadili, mkumbuke aliyeshika mpini wa jana.