Anaipenda Kazi, Basi Alipwe Kidogo?



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nina banda dogo la ushonaji hapa Kirua Vunjo, vyerehani viwili tu. Nilipotafuta msaidizi walikuja wasichana watatu. Mmoja, kabla hata sijamuuliza kitu, alishachukua gauni lililokuwa mezani, akaligeuza ndani nje, anakagua mishono. Nikajua huyu anaipenda kazi. Nikamchukua.

Kumchagua sikukosea. Nilikosea baadaye. Desemba ikafika, watu wanapanda mlimani kutoka Dar kwa Krismasi, kila mtu anataka nguo mpya. Binti wa watu anabaki mpaka saa mbili usiku, halalamiki, anaimba tu. Nikajiambia, "Si anaipenda kazi? Mungu kampa moyo." Mshahara haukuongezeka hata shilingi. Januari zikaja sare za shule, yakawa yale yale. Februari akaniambia kwa upole, "Dada, naomba nipumzike." Hakurudi. Nikasikia anauza ndizi Himo, na cherehani hataki hata kuiona.

Je, ni haki kumpa mtu kidogo kwa sababu anapenda anachofanya? Mdomoni tunasema hapana, ila ndivyo tunavyoishi. Mwalimu wa chekechea, muuguzi, mpiga kinanda: tunawaambia "huo ni wito," kisha tunafunga pochi.

Utetezi wangu ulikuwa kwamba alikubali mwenyewe. Kumbe Papa Leo XIII alishalijibu hilo mwaka 1891 katika Rerum Novarum: makubaliano peke yake hayaufanyi mshahara uwe wa haki, maana mhitaji hukubali chochote. Yohane Paulo II naye, katika Laborem Exercens ya 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Hata sheria yetu ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Haiulizi kama ulikuwa unaimba.

Utasema, mbona kujitolea ni fadhila? Ni kweli. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Mimi siwezi kumtolea Mungu jasho la mwenzangu.

Wazee wetu walijua kwamba maji ya mfongo hayafiki shambani yenyewe. Lazima mfongo usafishwe. Moyo wa kazi nao ni hivyo. Ukiajiri, tafuta mwenye moyo, halafu uutunze: mlipe saa zake, muachie Jumapili yake, mfundishe asilolijua, mshukuru mbele za watu.

Nilimfuata Himo na deni lake lote. Alipokea, tukasalimiana vizuri. Kazini hakurudi, na sina haki ya kumlaumu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.